Birika la Maji ya Moto: Uzoefu Wangu wa Kusomea Tiba kwa Vitendo Uingereza

Nilipoketi kuandika maoni haya kuhusu chuo nilichosomea nilikuwa nimekwisha kuamua kutoa nyota moja kati ya tano, na sababu yenyewe ni birika. Nasema hivyo mapema ili anayetafuta orodha ya masomo, kiwango cha ada na tarehe za kutuma maombi asipoteze muda wake hapa, kwa kuwa hayo yote yamo katika tovuti za vyuo. Mimi nataka kueleza namna mtu anavyoweza kufundishwa jambo jema darasani mwaka mzima, kisha akakaripiwa kwa sababu amelitenda.

Nilikwenda Uingereza nikiwa na shahada ya saikolojia, nikajiunga na shahada ya uzamili ya miaka miwili ambayo humwandaa mtu aliyesomea fani nyingine kuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Kwa wasioifahamu kazi hii, mtu wa fiziotherapia atakusaidia mguu wako upate nguvu, nasi tutakuuliza unataka mguu huo ukufikishe wapi: chooni, jikoni, msikitini au dukani. Niliichagua kwa sababu ya babu yangu. Alipopata kiharusi, kule Tanga, ukoo mzima ulimlisha, ukamvika na kumwogesha kwa mapenzi makubwa, hata mkono uliokuwa umeanza kurudi ukasahau kazi yake. Kwetu kumwacha mzee ahangaike na kifungo cha shati huku vijana mmekaa mnamtazama ni utovu wa adabu, na nilihitaji kuvuka bahari ili nielewe kwamba wakati mwingine kutazama ndiyo tiba.

Darasani, lazima nikiri, nilifundishwa vizuri mno. Mwalimu mmoja alikuwa akimfunga mwenzetu mkono mmoja kwa kitambaa, anamwambia apake siagi kwenye mkate, na sisi wengine tunaamriwa kuweka mikono nyuma na kufunga midomo. Ule mkate unazunguka juu ya sahani, siagi inaishia kwenye mkono wa shati, na wewe unawashwa vidole kwa hamu ya kusaidia. Wiki nyingine tulitakiwa kuchambua hatua kwa hatua kazi ya kutengeneza chai. Wenzangu waliandika kuhusu birika la umeme na kifuko cha majani. Mimi niliandika chai ya nyumbani, yenye sufuria, maziwa, tangawizi ya kuponda na chujio, na hatua zangu zikapita thelathini kabla hata sijafika kwenye sukari. Mwalimu alibandika karatasi yangu ukutani. Ni yeye pia aliyetusomea kanuni za baraza linalosajili wataalamu wa afya nchini humo, akarudia mara mbili sehemu inayosema kwamba kumbukumbu za mgonjwa ni lazima ziwe kamili, zinazoeleweka na sahihi. Niliyaamini maneno hayo kama mtoto anavyoamini.

Kisha tukapelekwa hospitalini kwa mafunzo ya kazini, ambayo nyumbani tungeyaita fildi. Shirikisho la Dunia la fani hii, lililoanzishwa mwaka 1952, linataka kila mwanafunzi atimize angalau saa 1,000 za namna hiyo kabla ya kuhitimu, na mimi sina ugomvi na idadi hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba saa hizo hazina malipo huku ada ikiendelea kudaiwa kama kawaida, na kwamba ile ruzuku ya pauni 5,000 kwa mwaka ambayo wenzangu wa Uingereza waliweza kuiomba, mimi mwenye viza ya mwanafunzi sikuistahili. Jumamosi na Jumapili nilikuwa nikiosha vyombo katika hoteli moja. Naomba msomaji alikumbuke hilo anapofika kwenye maneno niliyoambiwa.

Ilikuwa fildi ya pili, wodi ya wazee, majira ya baridi. Nilipewa bibi wa zaidi ya miaka themanini aliyeanguka akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na ambaye nyumbani kwake aliishi peke yake. Kabla hajaruhusiwa kuondoka, ilibidi tumtazame katika jiko dogo la mazoezi lililo kando ya wodi, tuone kama anaweza kujitengenezea kikombe cha chai bila kuanguka wala kujiunguza. Siku mbili mfululizo nilikuwa nimemwelekeza asilijazie birika bombani bali alijaze kwa kikombe, kidogo kidogo, na asilinyanyue bali alisukume taratibu juu ya meza. Alikuwa mwanafunzi hodari kuliko mimi. Siku hiyo aliiacha fremu yake ya kutembelea, akashika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, akasubiri maji yachemke, akainamisha birika kwa mkono wa kulia. Matone ya kwanza yaliingia kikombeni, machache yakamwagika mezani. Akasita. Aliyatazama yale maji mezani, akairudisha ile miguu yake mahali pazuri zaidi, na nilimwona anafikiri. Mikono yangu ilikuwa nyuma, kama nilivyofundishwa.

Msimamizi wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama saa, aliingia kwa hatua tatu, akalitoa birika mkononi mwa bibi, akamimina, akasema, "Haya, tumemaliza." Bibi hakumjibu. Alinigeukia mimi, akasema polepole, "Nilikuwa nafika hapo, mpenzi," maana wazee wa sehemu ile humwita kila mtu mpenzi.

Niliandika katika faili kile nilichokiona: kwamba mgonjwa alimimina kiasi kidogo, akasita, mtaalamu akamalizia kumimina, kwa hiyo tathmini haikukamilika na irudiwe kesho asubuhi. Maelezo ya mwanafunzi hayakamiliki bila sahihi ya msimamizi, nami nikampelekea asaini. Aliyasoma akiwa amesimama katikati ya wodi, wauguzi wawili wakisikia, akasema niyafute na niandike kwamba mgonjwa anajitegemea katika kutengeneza kinywaji cha moto. Nilimuuliza, kwa heshima yote niliyolelewa nayo, alijitegemea vipi ilhali hakumimina. Akanijibu, "Labda huko kwenu mna muda wa kuandika hadithi. Hapa tunahitaji vitanda."

Sikufuta. Aliandika maelezo yake chini ya yangu, akatia sahihi, na kesho yake mchana bibi alikuwa kwenye gari la kurudishwa nyumbani, mkoba wake umewekwa mapajani. Fomu yangu ya tathmini ya katikati ya fildi ikaja na sentensi kwamba ninachelewa kufanya uamuzi na kwamba niongeze ushirikiano na timu.

Hata hivyo, aliyenikasirisha zaidi si msimamizi. Ni chuo. Tuliahidiwa kwamba mwalimu mlezi angekuja kututembelea kila fildi ifikapo katikati, na badala yake nilipata mazungumzo ya video ya dakika kumi na tano, msimamizi yuleyule akiwa ameketi pembeni yangu. Nililieleza tukio kwa maneno ya kuchagua, kama mtu anayekula samaki mwenye miba mingi. Mlezi aliniuliza nimejifunza nini kutokana na hali hiyo, akanishauri niandike tafakari, akanikumbusha kwamba fildi nikishindwa, saa zake hazihesabiwi. Niliandika tafakari. Ilipata alama nzuri sana, na hakuna hata mmoja aliyeisoma kisha akanyanyua simu kuuliza habari za bibi.

Hiyo ndiyo ilikuwa nyota moja. Lakini nimekaa na rasimu hii siku kadhaa, na uadilifu unanilazimisha kuongeza mambo mawili. La kwanza, asubuhi ile msimamizi alikuwa na wagonjwa wa watu wawili, kwa sababu mwenzake alikuwa mgonjwa, na tangu alfajiri simu ya wanaogawa vitanda ilikuwa haijanyamaza. Hilo halihalalishi maneno ya "huko kwenu", ambayo sijayasamehe wala sikusudii kuyasamehe. La pili ni gumu zaidi kulisema. Sasa nimesajiliwa, ninafanya kazi katika hospitali nyingine, na majuzi nilikuwa jikoni na mzee mmoja aliyepata kiharusi. Alipofika kwenye kumimina, akasita. Simu yangu ya kazini ilikuwa inatetemeka mfukoni, ya vitanda hiyohiyo, na mkono wangu ulitoka wenyewe nyuma ya mgongo, ukafika nusu ya meza kabla sijauona. Niliurudisha. Mzee alichukua karibu dakika nzima, akamimina, akamwaga kidogo, akacheka.

Aliyenifundisha kuurudisha mkono ule ni mwalimu wa mkate na siagi, na yeye ni sehemu ya chuo hichohicho. Kwa hiyo natoa nyota tatu. Nilipoifungua tena taarifa ya deni langu la ada jana usiku nilirudi kwenye mbili, na mbili ndizo ninazoziacha hapa, ingawa nyota ya mwalimu yule ingekuwa peke yake ningempa zote tano. Anayetaka kujiunga na masomo ya aina hii aulize jambo moja kabla hajalipa hata senti, na ajibiwe kwa maandishi: je, katikati ya fildi mlezi atakuja kwa miguu yake, na nitaweza kuzungumza naye tukiwa wawili tu, mlango umefungwa?