Eleroni haziitiki vizuri? Ununue nini kwanza kwa ndege ya rimoti

Ndege ikichelewa kulala upande, au ikiendelea kuinama baada ya kijiti kuachiwa, wengi hukimbilia kununua jairo, kifaa kinachohisi ndege ikiinama na kuirekebisha chenyewe. Kwangu jairo ni ya mwisho. Hutuma marekebisho madogomadogo mfululizo, na kiungo kinachocheza kati ya sevo (mota ndogo inayosukuma) na eleroni (kipande chenye bawaba nyuma ya bawa kinachoilaza ndege upande) huyameza yote.

Chomoa propela, washa rimoti kisha ndege, shika ukingo wa nyuma wa eleroni kwa vidole viwili uutikise taratibu. Eleroni ikisogea huku mkono wa sevo umetulia, ubovu uko kwenye viungo au bawaba. Mkono nao ukicheza, gia za sevo zimelika.

1. Viungo na fito

Hapa ndipo pesa kidogo huleta mabadiliko makubwa. Waya uliokunjwa ncha hutanua tundu lake siku hadi siku, kwa hiyo weka kiungo cha gololi upande wa eleroni. Fito inayounganisha sevo na eleroni iwe fupi na ngumu. Ikipinda unapoizuia eleroni kwa kidole, haifai. Nunua mikono ya sevo na pembe za eleroni (vijipande vinavyosimama juu ya eleroni na kushika fito) zenye matundu kadhaa: kwenye mkono wa sevo funga tundu la ndani, kwenye pembe funga tundu la nje. Hivyo sevo hutumia mwendo wake wote, na ulegevu uliobaki huifikia eleroni ukiwa umepungua. Wanaofunga kinyume hulazimika kupunguza mwendo kwenye rimoti hadi nusu, na nusu ya usahihi wa sevo waliyoilipia inapotea. Tena ulegevu si suala la usahihi tu. Ndege ikishika kasi, eleroni iliyolegea inaweza kuanza kupapatika, na mpapatiko huo hung'oa bawaba au kuvunja gia kwa sekunde chache.

2. Sevo mbili, kila bawa na yake

Ndege nyingi za mtindo wa zamani zina sevo moja katikati inayosokota nyaya za pande zote mbili, na nyaya hizo hujinyonga upepo unapokaza. Sevo mbili kwenye chaneli mbili (njia mbili tofauti za amri) hukuruhusu kuifanya eleroni inayopanda iende mbali kuliko inayoshuka. Ile inayoshuka ndiyo huongeza ukinzani na kuvuta pua nje ya kona, kwa hiyo usiziunganishe kwa waya wa Y, unaozipa sevo zote mbili amri moja, kama risiva (kipokezi cha rimoti ndani ya ndege) ina nafasi.

Kwa ndege ndogo, chagua sevo za gramu 9 za dijitali zenye gia za chuma. Sevo ya analojia hupokea amri takribani mara 50 kwa sekunde. Ya dijitali husukuma mota yake mara nyingi zaidi, mara 300 hivi, ndiyo maana hushikilia katikati kwa nguvu. Hula umeme zaidi, basi hakikisha chanzo cha umeme cha risiva kinazimudu, na soma volti: sevo ambayo kikomo chake ni volti 6 usiipe 7.4. Kabla ya kuifunga, peleka kijiti kulia ukiachie, kisha kushoto ukiachie. Isiporudi palepale mara zote mbili, irudishe dukani.

3. Utepe wa kuziba ufa wa bawaba

Hewa ya chini ya bawa ikipenya kwenye ufa, eleroni hupoteza nguvu. Utepe mwembamba unaonyumbulika unatosha. Ubandike chini ya bawa eleroni ikiwa imepandishwa hadi mwisho, usije ukaizuia.

4. Rimoti yenye ekspo

Ekspo hulainisha kijiti karibu na katikati. Anza na asilimia 25 hivi. Angalizo: kwenye Futaba kulainisha ni namba hasi, kwenye Spektrum ni chanya.

5. Jairo

Hapo sasa inunue, hasa kama unarusha kwenye upepo unaovuma kwa ghafla ghafla. Kabla ya kuruka, inamisha bawa la kulia: eleroni ya kulia lazima ishuke. Ikipanda, geuza mwelekeo kwenye mipangilio. Mabawa yakitetemeka angani, punguza nguvu ya jairo kidogokidogo hadi yatulie.