Chai Saba za Afrika Mashariki Zilizoonjwa Nyumbani, Kwanza Bila Maziwa

Mnunuzi wa chai katika maduka ya Dar es Salaam huonyeshwa picha ya kilima cha kijani na kikombe kinachofuka moshi, lakini ni mara chache sana pakiti kumwambia mambo matatu ambayo yangemsaidia kuchagua: majani yametoka bustani ipi, yalisindikwa lini, na ni ya daraja gani. Wafanyabiashara wanaonunua kwa wingi katika mnada wa Mombasa, ambako chai ya Kenya huuzwa pamoja na ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, hujua kiwanda na daraja la kila shehena kabla ya kutaja bei, iwe BP1, PF1, PD au D1, yaani majina ya madaraja kwa ukubwa wa punje. Sisi wa robo kilo tunabaki na picha. Kwa hiyo nilikusanya chai saba, nikazionja kwanza kwa rangi tupu na kisha kwa maziwa, na jambo lililojitokeza tangu mwanzo hadi mwisho ni kwamba chai inayoshinda bila maziwa siyo inayoshinda ikikutana nayo, na kwamba bei ya juu haikuhakikisha ushindi wa pande zote mbili.

Waonjaji wa kitaalamu wana kipimo chao, kilichoandikwa mwaka 1980 na Shirika la Kimataifa la Viwango kwa jina la ISO 3103: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, ndani ya chombo cha kauri chenye kifuniko. Kipimo hicho hakikuwekwa ili kutoa chai tamu. Kiliwekwa ili kila chai ipewe nafasi sawa na kasoro zake zianikwe, ndiyo maana kikombe chake huwa kikali kuliko tulichozoea. Nyumbani kinafuatika bila gharama kubwa, mradi mtu awe na mizani ndogo ya jikoni, kwa sababu kijiko kinadanganya. Kijiko cha punje zilizoshikana huwa kizito zaidi, kwa mizani yangu karibu mara mbili, kuliko kijiko hichohicho kilichojazwa majani marefu yaliyosokotwa, na anayelinganisha chai hizo mbili kwa kijiko huwa analinganisha kipimo na nusu yake. Muonjaji pia huifyonza chai kwa sauti ili isambae ulimini pamoja na hewa na harufu yake ipande puani, desturi ambayo watoto wa nyumba hii, waliokatazwa tangu walipojua kushika kikombe, waliiunga mkono kwa bidii kubwa.

Maji yanastahili kutajwa kabla ya majani. Nyumba nyingi za jiji hili hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na Chai Bora ya Mufindi, mojawapo ya chai zangu saba, niliyoipika kwa maji ya kisima na kwa maji ya chupa ilitoa vikombe viwili ambavyo mgeni asingeamini kuwa ni vya pakiti moja: cha kisima kilikuwa cheusi kisicho na mng'ao, kikafanya utando juu, na ukali wake ulikuwa bapa. Chai zote zilizobaki nilizipika kwa maji ya chupa. Msomaji wa Njombe au Kericho, ambako mwinuko unakaribia mita 2,000, azingatie kwamba maji yake huchemka kwenye nyuzi 93 hivi na si 100 kama ya huku pwani, hivyo majani yake yatahitaji muda mrefu kidogo ili kutoa kile kile.

Chai inayonywewa zaidi katika eneo letu ni ya CTC, yaani ile ambayo jani lake bichi, baada ya kunyaushwa, hupitishwa kati ya roli zenye meno zinazozunguka kwa kasi tofauti, likasagwa, likachanwa na kukunjwa kuwa punje. Njia hiyo ilianzia Assam, nchini India, miaka ya 1930, na faida yake ni kwamba jani lililopasuka hivyo hubadilika haraka likiguswa na hewa na hutoa rangi haraka likiguswa na maji. Nilichukua mbili za aina hii. Ya kwanza ilikuwa Chai Bora, inayopakiwa Mafinga katika wilaya ya Mufindi. Ya pili ilikuwa ya Ketepa, kampuni ya upakiaji ya Kericho iliyoanzishwa mwaka 1977. Katika kikombe cha rangi zilitofautiana kuliko nilivyotarajia. Ya Mufindi ilikuwa na wekundu wa kahawia, laini mdomoni, na utamu wa mbali uliobaki baada ya kumeza, kiasi kwamba inanyweka bila sukari na kipande cha limau huifaa sana. Ya Kericho ilikuwa na mng'ao mkali wa rangi ya shaba na ukakasi ulioshika kingo za ulimi papo hapo, na ilipopoa iliingia ukungu. Wengi humwaga chai iliyofanya ukungu wakidhani ni uchafu wa maji, ilhali mara nyingi ni teaflavini, zile chembe zinazoipa chai rangi na ukakasi, na kafeini zinazoshikana chai ikipoa, na muonjaji huuhesabu ukungu huo kuwa dalili ya chai yenye nguvu. Kwa kikombe cha rangi ningeichagua ya Mufindi. Ya Kericho bila maziwa inataka mtu aliyeamka na shughuli nzito mbele yake.

Chai ya mifuko sitaitaja nembo, kwa kuwa nina malalamiko. Mfuko hujazwa punje za chini kabisa za ungo na vumbi, jambo ambalo si dhambi, maana vumbi la chai nzuri ni chai nzuri inayotoa rangi upesi. Tatizo ni kwamba ndani ya kikombe cha kipimo ilitoa rangi yote katika muda mfupi sana, kisha dakika zilizobaki ikatoa uchungu tu, na nyuma ya uchungu huo palikuwa na ladha ya karatasi. Boksi jingine la mifuko, kutoka duka la mtaani, lilinukia sabuni ya kufulia kabla hata ya kulowekwa. Hilo ni kosa la rafu na si la kiwanda: majani makavu ya chai hunyonya unyevu na kila harufu iliyo jirani, na duka linalopanga chai juu ya katoni za sabuni linauza vyote viwili kwa bei ya kimoja. Atakayenunua mifuko aitumie kwa dakika 2 au 3, aiopoe, na asiikamue kwa kijiko.

Kwenye maziwa mambo yaligeuka. Nilizipika kwa namna inayopikwa majumbani, maji na maziwa nusu kwa nusu katika sufuria, majani yakichemka pamoja hadi povu lipande na kuteremshwa, kisha kuchujwa. Protini za maziwa hushikana na zile tanini zinazoleta ukakasi, na kwa hiyo chai yenye ukakasi mwingi hupoteza makali yake na kubaki na mwili, wakati chai iliyokuwa laini tangu awali haina cha kupoteza na inazama. Ndivyo ilivyokuwa. Ketepa, iliyonikaba katika kikombe cha rangi, ikawa chai kamili ya maziwa, yenye rangi ya matofali mabichi, yenye ladha ya chai hata baada ya sukari kuingia. Chai Bora ilibaki nzuri na ya kistaarabu, ila ilihitaji majani zaidi ili isimezwe, na kwa anayepika sufuria ya watu wanane tofauti hiyo ya kijiko au viwili kila siku inafika mfukoni. Hata mifuko, ambayo niliilaani, ilijikwamua kidogo hapa, kwa sababu maziwa yaliufunika uchungu, ingawa karatasi ilibaki palepale.

Chai niliyoisubiri zaidi ilitoka Luponde, Njombe, shamba linalojulikana kwa kilimo hai na kwa chai ya othodoksi, ambayo jani lake halichanwi kwa meno bali husokotwa na mashine polepole hadi liwe uzi mweusi uliopinda. Ukiyamimina mkononi unaona majani, si punje, na yakishakaa ndani ya maji yanafunguka upya, mengine yakionyesha kikonyo na ncha yake. Kikombe chake kilikuwa chepesi kwa rangi, cha dhahabu iliyokolea, na harufu yake ilifika kabla ya kikombe kufika mdomoni: maua, na nyuma yake kitu cha asali ya msituni. Ukakasi ulikuwepo, ila ulikuja taratibu na kuondoka taratibu. Katika vikombe vya rangi hii ilizishinda zote, na majani yaleyale yalipowekewa maji mara ya pili yalitoa kikombe ambacho bado kilistahili kupewa mgeni. Kwenye maziwa ilitoweka kabisa. Nilipata maziwa ya moto yenye rangi ya malai, na niliona huruma kwa majani yaliyosafiri kutoka Njombe ili kufikia hapo. Bei yake kwa gramu iko juu sana ya chai ya kawaida, na kuipika kwa maziwa ni kuichoma pesa.

Ya Rwanda, ya CTC pia, kutoka katika nyanda za juu zinazopakana na msitu wa Nyungwe, nitaipita haraka kwa sababu haina la kulaumiwa: mng'ao wa Kericho, ulaini wa Mufindi, na ndiyo pekee iliyoshika nafasi ya pili katika mizunguko yote miwili. Ugumu wake ni kuipata Dar es Salaam. Yangu ililetwa na msafiri kutoka Kigali.

Chai ya zambarau ya Kenya ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi kuliko zote. Mmea wenyewe, uliopewa jina TRFK 306, ulitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na taasisi ya utafiti wa chai ya Kericho, na majani yake machanga yana rangi ya zambarau kwa sababu ya wingi wa antosiyanini, zile rangi za asili zilizo pia katika zabibu nyeusi. Pakiti niliyoinunua ilikuwa imesindikwa kama chai ya kijani, hivyo nilishusha maji hadi nyuzi 80 hivi. Ya kuchemka yaliitoa chungu mno. Anayetegemea kikombe cha zambarau atashangaa, kwani hutoka kijivu chepesi chenye kivuli cha samawati, na ni tone la limau tu linaloigeuza kuwa ya waridi mbele ya macho yako. Ladha yake ni kavu, ya mboga kidogo, yenye ukakasi unaokaa muda mrefu. Si mbaya, na limau linaisaidia kwa ladha kama linavyoisaidia kwa sura, lakini orodha ya maradhi iliyochapwa nyuma ya pakiti, ambayo chai hii eti huyazuia, ndiyo iliyoongeza bei kuliko kitu chochote nilichokikuta kikombeni. Hii peke yake sikuthubutu kuitia maziwa.

Ya saba ni chai iliyochanganywa tangawizi na viungo kiwandani, na hapa hukumu yangu ni kali zaidi. Unga wa viungo huficha majani dhaifu, na kikombe cha rangi kilithibitisha hivyo: hiliki ya mbali, tangawizi iliyochacha, na chini yake chai isiyo na mng'ao wala ukakasi. Kwenye maziwa ilikubalika, lakini haikukaribia sufuria ya Ketepa iliyotiwa tangawizi mbichi iliyopondwa, hiliki chache zilizopasuliwa na kijiti cha mdalasini, ambayo gharama yake ni ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya pakiti mbili hizo. Angalizo kwa anayepika hivyo ni kwamba tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoyakata maziwa, kwa hiyo ichemke kwanza vizuri ndani ya maji pamoja na majani, na maziwa yafuate baadaye. Pakiti nitakazozirudia dukani ni Ketepa kwa sufuria ya asubuhi na Chai Bora kwa rangi ya mchana. Ya Luponde itanunuliwa pakiti ndogo, ifungwe ndani ya kopo lenye kifuniko kigumu, na iwekwe kabati lisilo na bizari.