Sweta la mkeka kwa kroshia: uzi nausifu, maelekezo nayalalamikia

Nianze na hela, maana najua wengi mtashuka haraka kuitafuta. Sweta langu la vifungo, nililolifuma mwenyewe sebuleni hapa Uyole, Mbeya, limenigharimu shilingi 56,600: uzi 42,000, maelekezo 5,000, sindano mbili 7,500 na vifungo saba 2,100. Nauli ya daladala kwenda na kurudi sokoni Mwanjelwa sijaihesabu, nisije nikajitia uchungu. Mama jirani aliponikuta nafuma akaniambia, "Mwenzangu, si ungechukua mtumba tu? Elfu nane unapata zito, na vifungo vyake." Hajakosea. Anayetaka kujikinga na baridi tu aende kwenye mtumba, asipoteze muda kusoma haya.

Mimi nilitaka lile lenye mafundo yaliyochomoza: mwili umefumwa kama mkeka, na mabegani zimepangwa bisi, vile vinundu vya duara utadhani mahindi yamepasuka. Niliwahi kuliona moja hukohuko mtumbani, limeshatoboka kiwiko. Na jambo ambalo wengi hawalijui: sweta la kawaida linafumwa na mashine, hata hizi za shule tunazowanunulia watoto, lakini kwa kroshia viwanda bado vinategemea mkono wa mtu. Kila sweta la kroshia unalolikuta kwenye rundo la mtumba, kuna mtu mahali fulani alikaa akalifuma kitanzi kwa kitanzi. Nililirudisha kwenye rundo, lakini halikunitoka kichwani.

Kroshia nilifundishwa na mama, ile ya vitambaa vya makochi na vya meza, uzi mwembamba wa pamba na sindano nyembamba kama njiti. Nguo ya kuvaa sikuwahi kufuma. Ndiyo maana nikanunua maelekezo kwa mtu anayeyauza kwa simu. Unatuma hela, unapokea faili lenye kurasa tisa na picha ya dada mmoja aliyependeza sana. Simtaji, na ningependa asijitambue, ila kama anasoma, dada, pole, mbili kati ya nyota tano.

Sababu ya kwanza ni kwamba yametafsiriwa nusunusu. Maneno ni ya Kiswahili, vifupisho vimeachwa vya Kizungu, na hakuna palipoandikwa kama ni vya Marekani au vya Uingereza. Mtu atasema kuna tofauti gani. Ipo, tena kubwa. Herufi dc kwa Mmarekani ni nguzo ndefu, ile ya kuzungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuingia. Kwa Mwingereza herufi hizohizo ni fundo fupi kabisa, la kuingia na kutoka. Mama alinifundisha kwa kitabu cha zamani cha Kiingereza, kwa hiyo nikafuma mafundo mafupi. Baada ya mistari kumi nikawa na kitu kigumu, kimesimama chenyewe mezani kama sufuria. Nikafumua. Kama maelekezo yako hayasemi ni ya wapi, tafuta herufi sc. Ukiziona, ni ya Kimarekani, maana Waingereza hawanazo.

Sababu ya pili ni kipimo. Yalisema sindano ya milimita 5, na kwamba nguzo 14 zitoe sentimita 10. Chini yake wakasisitiza kufuma kwanza kipande cha majaribio. Nani anafuma kipande cha majaribio akiwa na hamu ya sweta? Nikaanza na mgongo, nguzo 80 kama walivyosema. Mkono wangu unakaza, ni mazoea ya vitambaa vya makochi. Nguzo zangu zikatoka 17 kwa sentimita 10, na mgongo uliotakiwa uwe sentimita 57 ukawa 47. Lile lilikuwa sweta la binti yangu wa darasa la tano, siyo langu. Nikafumua tena. Hili siwalaumu, walisema. Nililiweka kwenye lawama kwa hasira tu, naliondoa.

Nikarudi mjini kununua sindano ya milimita 6. Hapa nasifu bila kubana. Ile ya kwanza ilikuwa ya alumini tupu, ya 1,500, na baada ya nusu saa kidole gumba kilikuwa kinawaka. Hii ya pili ina mshikio mnene wa mpira, ni 6,000, na nilimwona muuzaji kama ananiibia. Nikafuma usiku mzima umeme ulipokatika, kwa taa ya simu, mkono haukuuma. Isitoshe, mpira hauna ubaridi. Waliowahi kushika chuma asubuhi ya Juni hapa Uyole wanaelewa nasema nini. Kwa sindano hiyo nguzo zikashuka hadi 15 kwa sentimita 10, mgongo ukawa 53, na mimi si mnene. Ikanitosha.

Sasa mkeka wenyewe, maana ndiyo uliofanya nilipende hili sweta. Kwenye kroshia ya kawaida unaingiza sindano juu, kwenye kile kimnyororo kilicho kichwani mwa mstari uliopita. Kwenye mkeka huingizi juu. Unaizungusha sindano kwenye mguu wa nguzo ya mstari wa chini, kama unavyomzungushia mtu mkono kiunoni. Ukiushika mguu kutokea mbele, nguzo mpya inachomoza. Ukiushika kutokea nyuma, inazama. Unafanya nne za kuchomoza, nne za kuzama, mpaka mwisho wa mstari. Baada ya mistari minne unabadilishana: penye kuchomoza unazamisha, penye kuzama unachomoza. Unaanza kuona vijumba vikipishana kama ukili, na hapo huwezi kuweka chini. Ugali uliungua siku hiyo, nimekiri.

Tatizo lipo unapogeuza kazi. Ukifika mwisho wa mstari unaligeuza vazi, sasa unaangalia upande wa ndani, na mbele imekuwa nyuma. Kwa hiyo nguzo iliyochomoza upande wa nje, ukiwa ndani, lazima uishike kwa nyuma ili iendelee kuchomoza kulekule. Maelekezo yalisema tu "rudia mstari wa 2". Nikarudia. Mistari sita baadaye sikuwa na mkeka, nilikuwa na fujo. Ningeandikiwa sentensi moja, hii niliyoiandika hapa, ningeokoa Jumapili nzima. Siku hizi situmii hata kuhesabu. Naangalia kile kijumba: kimevimba kuelekea kwangu, nakishika mbele, kimenipa mgongo, nakishika nyuma.

Na sababu ya tatu, iliyonifanya nitoe nyota zile mbili tu, ni kiasi cha uzi. Faili lilisema gramu 600. Nikanunua madonge sita ya gramu 100, rangi ya ugoro, shilingi 4,000 kila moja. Mkeka unakula uzi kama ng'ombe kwenye shamba la mahindi. Fikiria: kila nguzo inalala juu ya mguu wa nyingine, kitambaa kinakuwa kama na tabaka mbili. Mgongo peke yake ulimaliza madonge matatu na kipande. Mbele mbili zikamaliza yaliyobaki, na mikono hata sijaigusa. Nilikaa nikaangalia karatasi ya lile donge la mwisho kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

Dukani hawakuwa nao tena. Nikazunguka Mwanjelwa yote, nikapata rangi ileile ya ugoro, kampuni ileile, 4,500, nikachukua manne nikafurahi. Nyumbani, mchana, kwenye mwanga wa dirishani, nikaona. Ule mpya umeiva zaidi kidogo. Kwenye karatasi kuna namba mbili: moja ya rangi, nyingine ya mkupuo wa kutia rangi. Ya kwanza ilikuwa sawa, ya pili tofauti. Nilikuwa sijui kwamba namba ya pili ndiyo ya kuangalia.

Aliyeniokoa ni mama mmoja fundi wa masweta ya shule, ana mashine yake kibarazani. Nikamwamkia, shikamoo mama, nikamwonyesha. Hata hakushika. "Usianze mkono na uzi mpya peke yake, mwanangu. Fuma mistari miwili wa zamani, miwili mpya, miwili wa zamani, macho yatachanganya." Nikamwambia wa zamani umeisha. Akaniangalia kwa huruma. "Basi fumua nusu ya mbele moja." Nilitaka kulia pale barazani. Nilifumua, na nusu ile ikanipa uzi wa zamani wa kuchanganya pale sehemu zinapokutana. Nilipomaliza nikampelekea viazi. Akacheka, akaniambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kwamba hakutegemea ningerudi.

Kuhusu ubora wa uzi wenyewe. Muuzaji wa kwanza aliniapia kwamba ni sufu tupu. Nilichoma kipande: kikayeyuka, kikawa kidonge kigumu, harufu ya plastiki. Sufu halisi ingenuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake ungeyasaga kwa vidole. Kwa hiyo ni akriliki, na bei ile ilikuwa imeshanieleza. Simchukii muuzaji sana, maana akriliki ndiyo niliyohitaji: haiwashi shingoni, nondo hawaitaki, na kwa nguzo zenye tabaka mbili inakaa na joto vizuri. Haijachanika hata mara moja nilipofumua, na nimefumua kuliko nilivyofuma. Nyota nne. Ya tano inabaki dukani kwa ajili ya kile kiapo.

Bisi za mabegani hazikunisumbua, ajabu. Unafuma nguzo tano ambazo hazijafungwa, zote kwenye tundu moja, kisha unazikusanya kwa mvuto mmoja. Kinundu kinasukumwa kwenda upande ule usiouangalia, kwa hiyo unazifuma ukiwa unaangalia ndani. Kuunganisha na vifungo ni kazi ya jioni moja. Chini na kwenye vifundo vya mikono niliweka pindo la kuvutika, nguzo moja mbele, moja nyuma.

Kufua ndiko nilikotaka kulia mara ya pili. Nilifua kwa maji ya vuguvugu, nikaanika kwenye kamba kama nguo nyingine. Sweta hili lina gramu 950 likiwa kavu. Likiwa limebeba maji sijui ni kilo ngapi, ila saa mbili baadaye mikono ilikuwa imefika magotini. Nikalishusha mbio, nikalikunja ndani ya taulo nikalikamua kwa kulikanyaga, kisha nikalilaza juu ya mkeka (wa ukindu, huu) nikalirudisha vipimo kwa mikono. Kwa baridi hii lilikauka siku ya tatu. Limerudi, si kama mwanzo, lakini limerudi. Na pasi msijaribu. Kipande kidogo nilichojaribia, nilipitisha pasi juu yake: vijumba vyote vililala, uzi ukawa laini wa kuteleza, ukapoteza uhai. Haukurudi tena.

Nimelivaa Julai yote, asubuhi nikisubiri gari pale njia panda, ukungu umeficha mlima. Ndani blauzi ya kawaida tu, na sikutetemeka. Upepo ukivuma sana unapenya kwenye matundu ya bisi, kwa hiyo mabegani naongeza kitenge. Uzito wake mwanzo unachosha shingo, ukilizoea unaona kama kuna mtu amekukumbatia. Mama jirani ameuliza ningemfumia kwa bei gani. Nikamwambia alete madonge kumi na moja, yenye namba zote mbili zinazofanana, ndipo tuongee. Hajarudi bado.

Mkinikuta stendi ya Uyole mtanitambua kwa kwapa la kushoto. Juu kidogo ya mshono pana mistari miwili ya ugoro ulioiva zaidi, ambayo sikuwa na nguvu za kuifumua tena.