Viwanja vya ndege vyetu kwa jicho la rubani: Mombasa raha, Nairobi kazi, Goma hofu

Kwa rubani wa ndege ya abiria, uwanja mwepesi kuliko vyote katika ukanda wetu ni Moi, Mombasa. Uko futi 200 tu juu ya usawa wa bahari na njia yake kuu ya kutua na kuruka ina mita 3,350. Upande mmoja wa njia hiyo umeandikwa 03, wa pili 21. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizoondolewa sifuri ya mwisho, kwa hiyo 03 inaelekea nyuzi 30, kaskazini-mashariki. Mtu wa pwani atauelewa utamu wake mara moja: kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, rubani anayetua 03 anapigwa na upepo usoni. Kusi ikishika zamu, anageuza na kutua 21, upepo ukimjia mbele, kidogo upande wa kushoto. Upepo wa mbele unapunguza kasi ya matairi yanapogusa lami, na kila kilomita kwa saa inayopungua ni nafuu kwa breki. Hakuna mlima wa kuukwepa, na akighairi kutua anapaa kuelekea mahali penye nafasi tele. Ndiyo maana ndege nyingi zinazokwenda Nairobi huandika Mombasa kuwa uwanja wao wa akiba.

Zanzibar imelazwa vizuri zaidi kwa pepo hizo: njia ya 18/36, takriban mita 3,000, iko kusini-kaskazini kamili. Kasoro yake ni msongamano. Ndege kubwa za Ulaya na Ghuba, zenye uzito wa zaidi ya tani 200, zinatumia njia moja na Cessna Caravan za Dar es Salaam zenye tani 4 hivi. Ndege kubwa huacha nyuma ya mabawa yake vimbunga viwili vya hewa visivyoonekana, navyo vinaweza kuibinua Caravan ikiwa karibu na ardhi. Kanuni za kimataifa zinaitaka ndege nyepesi isubiri dakika 2 kabla ya kuruka nyuma ya ndege nzito, na dakika 3 kama inaanzia katikati ya njia. Kutua nyuma yake pia ni dakika 3. Kwa hiyo safari ya dakika 20 kutoka Dar inaweza kuisha kwa dakika 10 za kuzunguka juu ya bahari. Abiria hukasirika, lakini rubani anayekataa kuharakishwa hapo anafanya kazi yake sawasawa.

Jomo Kenyatta, Nairobi, ndipo rubani mgeni anapojua kwamba urefu wa njia peke yake hausemi kitu. Njia ya 06/24 ina zaidi ya mita 4,100, na kwenye karatasi inaonekana ya anasa. Lakini uwanja uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi joto 26, mabawa na injini hufanya kazi kana kwamba uwanja uko karibu futi 7,900, kwa sababu hewa ya joto ni nyepesi kuliko ya baridi. Kipima kasi cha ndege hupima msukumo wa hewa, kwa hiyo kitaonyesha kasi ileile ya kutulia Mombasa, tuseme kilomita 260 kwa saa. Kasi ya kweli ni kilomita 290 na kitu. Nyongeza hiyo ya asilimia 12 au 13 inaongeza zaidi ya robo ya nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza.

Makosa ya Nairobi yanaanzia hapo. Rubani aliyezoea pwani huiona ardhi ikimkimbilia kuliko kawaida, anadhani amezidisha kasi, anapunguza nguvu ya injini mapema, na ndege inaibamiza lami. Mwingine huinua pua mapema mno, ndege ikaelea. Kwa kasi ile, kila sekunde ya kuelea inakula mita 80 za njia. Anayefidia kwa kukanyaga breki kwa nguvu anafika kwenye maegesho na breki za moto, na hapo ndege hukaa mpaka zipoe, hata kama abiria wa safari inayofuata wameshajipanga mlangoni. Dawa ni kuamini vipimo kuliko macho, kugusa chini kwenye alama zilizochorwa, na kuziacha injini zisaidie kurudisha msukumo nyuma.

Kuruka nako kuna gharama zake. Matairi ya ndege nyingi za abiria yameidhinishwa hadi kilomita 360 au 380 kwa saa ardhini, na Nairobi mchana, ndege nzito inaweza kuukaribia mpaka huo kabla haijaachia lami. Kwa hiyo mizigo au mafuta hupunguzwa, au safari ndefu huondoka usiku hewa ikiwa baridi. Safari ya moja kwa moja ya New York, iliyoanza Oktoba 2018, huondoka usiku.

Halafu kuna mawingu ya alfajiri. Katika miezi ya mvua, na tena kwenye baridi ya Juni hadi Agosti, tabaka zito la wingu hulala karibu na ardhi kuanzia usiku wa manane hadi saa mbili au tatu asubuhi, saa zilezile ambazo ndege za kutoka mbali zinaingia. Upande wa 06 una mitambo ya ILS, yaani mawimbi ya redio yanayoishusha ndege kwenye mstari, lakini wingu likishuka chini ya kiwango kilichowekwa hakuna ujanja ila kwenda uwanja mwingine. Kilimanjaro iko kilomita 235 hivi kutoka hapo, Mombasa kama 420. Rubani mzuri hubeba mafuta ya nusu saa ya kuzunguka juu ya yale ya kanuni, maana wote wakishindwa kutua kwa wakati mmoja, maegesho ya Mombasa hujaa. Na njia ni moja tu. Ndege moja ikipasuka tairi katikati yake, uwanja mzima umefungwa. Njia ya pili imezungumzwa kwa miaka mingi, na kwa uwanja wenye shughuli kiasi hiki kuendelea bila hiyo ni jambo lisilokubalika.

Kilomita kama 12 magharibi yake kuna Wilson, nao ni mgumu kwa sababu nyingine. Uko juu zaidi, futi 5,536, una njia mbili zinazokatana, kila moja ikiwa na takriban mita 1,500. Hakuna ILS. Wanafunzi wa urubani wakiwa na Cessna ndogo, Caravan za Maasai Mara na ndege za abiria za Dash 8 za pwani wote wako hewani pamoja, huku ndege kubwa zikipita kusini yao zikielekea Jomo Kenyatta. Majengo yanazidi kusogea. Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 iliyokuwa imeondoka Wilson iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi. Dash 8 ilirudi salama, lakini watu wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Anayeingia Wilson anahitaji kusikiliza redio kuliko kuongea, kujua jina la kila kituo cha kuripotia kabla hajawasha injini, na kuangalia nje. Anayetoka Mara asubuhi aangalie kwanza milima ya Ngong: kilele chake kinavuka futi 8,000, na kikivaa wingu, kujipenyeza chini yake kwa kubahatisha ni kutafuta kifo. Azunguke, au angoje chini. Abiria wa Caravan wanaolalamikia kilo 15 za begi laini wajue kwamba kikomo hicho kimewekwa kwa ajili ya hewa hii na viwanja vya changarawe ambako ndege hiyo inakwenda kutua.

Kilimanjaro unapendwa. Futi 2,932, mita 3,600, na waongoza ndege hawana haraka. Asubuhi, Kibo upande mmoja na Meru upande wa pili, hakuna uwanja wa kuulinganisha nao kwa uzuri. Mchana milima hiyo ikijifunika, uzuri unageuka kuwa jambo la hesabu: Meru ya mita 4,566 iko kaskazini mwa mstari wa kushukia 09, na Kibo ya mita 5,895 iko kaskazini-mashariki, mbele kushoto kwa anayepaa. Nafasi iko kusini, nyika ya Simanjiro. Mtego mwingine ni Arusha, kama kilomita 50 magharibi, ambako njia nayo imeandikwa 09/27. Desemba 2013, Boeing 767 iliyokuwa ikienda Kilimanjaro ilitua Arusha kimakosa, kwenye njia ya mita 1,600 hivi, ikasimama kwenye majani mwisho wake. Kabla ya kutua huku, linganisha umbali unaosomwa kwenye vifaa na unachokiona dirishani.

Entebbe hauna shida kubwa, ila ndege wa ziwani ni wengi, na ngurumo za Ziwa Victoria hutokea usiku na alfajiri, wakati bara kumetulia. Panga kufika saa nne asubuhi ukiweza.

Bukoba unaguswa na ziwa hilohilo, lakini una njia ya takriban mita 1,500, hauna ILS, na upande wa bara kuna vilima, kwa hiyo rubani hushuka kwa macho juu ya maji. Mvua ikishuka ziwani, maji na wingu hufanana rangi na jicho halipati kipimo cha kimo. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ilianguka majini ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 walipoteza maisha. Pale kanuni ni moja: pwani isipoonekana wazi, nenda Mwanza.

Goma ndio mgumu kuliko vyote. Uko futi 5,000 na zaidi, Nyiragongo ya mita 3,470 iko kaskazini, Ziwa Kivu kusini, na mji umeubana pembeni. Januari 2002 lava ilifunika karibu kilomita moja ya mwisho wa kaskazini wa njia iliyokuwa na mita 3,000. Ndege ziliendelea kutumia kilichobaki kwa miaka mingi, na katika mwinuko huo, njia ikiwa na maji, kipande hicho hakiitoshi ndege kubwa ya zamani. Aprili 2008 DC-9 iliyokuwa ikiruka kuelekea kusini ilipitiliza na kuingia mtaa wa Birere, Novemba 2009 MD-82 iliyotua kuelekea kaskazini ikaishia kwenye lava. Kuondoa mwamba huo kulihitaji fedha na miaka. Kisha Januari 2025 vita vikaingia mjini na uwanja ukafungwa.