Banda la mpira la Soweto, Mbeya: mechi za zamani za kikapu, Jumamosi za Machi

Naandika haya hasa kwa walimu wa michezo na makocha wa hapa mjini, maana wengi wetu tunapita nje ya banda hili kila siku tukidhani ni la Simba na Yanga tu.

Mimi nafundisha sekondari na nina timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Kiwanja chetu ni cha saruji, hakina paa. Mvua ikishuka kutoka mlima Loleza, mazoezi yamekwisha, na mwezi Machi inashuka karibu kila siku. Jumamosi moja tulikuwa tunafagia maji kiwanjani, binti mmoja akaniambia, "Madam, pale Soweto leo wanaonyesha kikapu cha vyuo vya Marekani, mechi za zamani." Nikapiga simu kwa wazazi kuomba ruhusa, nikaondoka na wasichana saba.

Kiingilio ni shilingi 1,000, mwanafunzi 500. Ndani kuna mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, na projekta inayomulika kwenye shuka jeupe lililovutwa vizuri, halina mkunjo. Mama mwenye nyumba anauza chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati za moto, na kwa baridi ya Mbeya chai ile peke yake inatosha kukurudisha wiki ijayo.

Mwenye banda ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Wasichana walipomwamkia alijibu, "Marahaba wanangu, karibuni. Kaeni upande huu, kule bati linavuja." Halafu akachora ramani ya Marekani kwa chaki kwenye ubao, akaweka nukta katikati: Kansas City. "Kama Dodoma kwetu," akasema. "Reli zinakutana hapa. Timu ya mashariki na ya magharibi zote zinafika."

Hiki ndicho kinacholitofautisha banda hili. Mwalimu hawashi mkanda na kwenda zake. Jumamosi ile mechi zote alizochagua zilichezwa katika mji mmoja, na alitaka tuelewe kwa nini mji ule ulipewa mashindano mara nyingi kiasi kile. Mashindano ya kwanza ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, mwaka 1939, yalimalizikia Evanston, karibu na Chicago, yakaleta hasara. Mwaka 1940 fainali ikapelekwa Kansas City, kwenye ukumbi wa Municipal Auditorium uliojengwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na safari hii hela ikarudi na faida. Phog Allen, kocha wa Chuo Kikuu cha Kansas, alikuwa miongoni mwa waliohangaikia maandalizi, na timu yake ikafungwa na Indiana 60 kwa 42 usiku huohuo. Mpaka kufika 1964 ukumbi ule ulikuwa umepokea fainali tisa. Hakuna jengo jingine lililofikia idadi hiyo.

Mechi ya 1957 ndiyo iliyowashika wanangu. North Carolina, ambao hawakuwa wamefungwa msimu mzima, walicheza nusu fainali iliyokwenda vipindi vitatu vya nyongeza. Kesho yake, kwenye fainali, wakakutana na Kansas ya Wilt Chamberlain, nyota mrefu wa zaidi ya mita mbili, na huko nako vikaenda vitatu. Kwenye mpira wa kwanza kocha wa North Carolina alimpeleka Tommy Kearns, mmoja wa wafupi wa timu, akaruke na Chamberlain. Mwalimu alisimamisha picha pale. Mlinzi wangu wa mbele, ambaye ni mfupi kuliko wote, alisimama kutoka kwenye benchi. North Carolina walishinda 54 kwa 53.

Kisha akatuambia jambo ambalo mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kufundisha kikapu, sikuwa nalijua. Mwezi uleule, ndani ya ukumbi uleule, yalifanyika pia mashindano ya NAIA, ya vyuo vidogo, na bingwa akawa Tennessee A&I, chuo cha Wamarekani weusi. Kocha wao, John McLendon, alisoma Chuo Kikuu cha Kansas, akafundishwa na James Naismith mwenyewe, mtu aliyeubuni mchezo huu, lakini kwa sababu ya rangi yake hakuruhusiwa kuchezea timu ya chuo. Alirudi Kansas City kama kocha akachukua ubingwa mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959. Hakukuwa na picha ya kuonyesha, Mwalimu alisimulia tu amesimama mbele ya shuka, na banda zima lilinyamaza. Vijana waliokuwa wanasubiri mechi ya Ligi Kuu nao walinyamaza.

Sasa kasoro. Mvua kubwa ilianza tukiwa kwenye fainali ya 1988, Kansas na Oklahoma, na chini ya mabati hatukusikia neno. Tuliona tu kwa macho Danny Manning wa Kansas akifikisha pointi 31 na ribaundi 18, Kansas wakishinda 83 kwa 79. Mwalimu akapaza sauti kwamba ukumbi wa mechi hiyo, Kemper Arena, wa Kansas City vilevile, nao paa lake liliporomoka kwenye dhoruba ya mwaka 1979. Kwa bahati hakuna aliyeumia, na mji ukalijenga upya. Akawaangalia wasichana: "Wao walijenga paa mara mbili. Nyinyi mnasubiri la kwanza." Nilishindwa kujibu, kwa sababu ni kweli, na nimeliandika suala hilo kwenye kumbukumbu za vikao miaka minne sasa.

Umeme ukikatika jenereta inachukua kama dakika kumi kuwaka. Choo ni kisafi ila kiko nje, beba mwavuli. Na kama una haraka, hapa si mahali pako, maana Mwalimu hafupishi.

Ombi langu kwake lilikuwa moja: fainali ya wanawake. Alikuwa nayo. Mwaka 1998, Kemper Arena, Tennessee ya kocha Pat Summitt ilimaliza msimu na ushindi 39 bila kufungwa, ikiifunga Louisiana Tech 93 kwa 75. Alikuwa hajawahi kuionyesha kwa sababu hakuna aliyewahi kuiomba. Tuliiangalia yote. Wasichana wangu hawakuwa wamewahi kuona ukumbi uliojaa watu waliokuja kuwaangalia wanawake wakicheza kikapu, na njiani kurudi walibishana mpaka Mafiat juu ya nani kati yao atacheza nafasi ya Chamique Holdsclaw, nyota wa Tennessee ile.

Fainali ya wanaume ya mwaka huu itaonyeshwa moja kwa moja. Kule Marekani ni Jumatatu usiku, kwetu ni Jumanne karibu saa kumi alfajiri, na mama ameahidi chai itakuwa tayari kabla mpira haujarushwa. Kabla ya hapo, Jumamosi, kuna mechi za Hasheem Thabeet wa kwetu alipokuwa Chuo Kikuu cha Connecticut, timu iliyofika nusu fainali ya 2009 kule Detroit. Nimeshalipia mabenchi mawili ya mbele, upande usiovuja. Ukileta timu yako, mpigie Mwalimu mapema akuwekee la tatu.