Uzoefu wangu: Kanisa la parokia la Kilpeck, Herefordshire

Kwa mtu anayependa usanifu wa kale na aliye na nafasi ya kufika magharibi mwa Uingereza, ninalipendekeza bila kusita kanisa la Mtakatifu Maria na Mtakatifu David lililopo Kilpeck, kijiji kidogo karibu na mpaka wa Wales. Lilijengwa mnamo miaka ya 1140, chini ya karne moja baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, na mpangilio wake wa awali bado unasomeka kwa urahisi: ukumbi wa waumini, sehemu ya makasisi, na upande wa mashariki kabisa chumba cha nusu duara chenye madhabahu. Nyuma ya kanisa kuna kilima cha ngome ya mabwana wa Kilpeck, na ujirani huo ndio unaoeleza kwa nini kijiji kama hiki kilipata kazi ya mafundi wa hali ya juu namna hii.

Kilichonishika kuliko vyote ni mlango wa kusini. Juu yake kuna jiwe la nusu duara lililochongwa mzabibu wenye vishada, ambao wengi huuona kuwa mti wa uzima. Kwenye nguzo wamo wapiganaji walionaswa katikati ya mizabibu, pamoja na nyoka na majoka yaliyosokotana kwa namna inayokumbusha uchongaji wa Waskandinavia. Jiwe lenyewe ni jekundu, la mchanga mgumu, na baada ya karibu miaka 900 makali ya patasi bado yanaonekana, jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo kwa mchongo uliopo nje ya jengo.

Kisha inua macho. Chini ya ukingo wa paa, kuzunguka kanisa lote, yamesalia mawe yapatayo 85 yaliyochongwa wanyama, nyuso za watu na viumbe vya kutisha. Mbwa na sungura waliokaa bega kwa bega wanapendeza mno, na hapohapo ukutani kuna mwanamke anayefunua uchi wake, sanamu ya aina iitwayo Sheela na gig, ambayo wataalamu hawajakubaliana maana yake: wengine husema ni onyo dhidi ya tamaa, wengine ni kinga dhidi ya uovu. Ninawapa heshima wanaparokia wa vizazi vyote walioiacha mahali pake.

Ndani ni pakavu zaidi kwa mapambo, isipokuwa tao la kuingilia sehemu ya makasisi, ambalo kila upande lina watakatifu watatu waliosimamishwa mmoja juu ya mwingine.

Ushauri wangu ni huu: beba darubini ndogo, kwa kuwa mawe ya paani yako juu, na uchague siku yenye jua, maana mwanga unaopita ukutani kwa pembeni ndio unaoitoa michongo waziwazi. Usafiri wa umma ni haba, hivyo ni vyema kwenda kwa gari kutoka mji wa Hereford.