Chuma cha kniepertjes: pini ilichomoka mbele ya wakwe

Kinyongo kimenikaa vya kutosha, sasa naandika. Naishi Drenthe, kaskazini mashariki mwa Uholanzi, na kwa wakwe zangu mwaka hauishi bila kniepertjes, zile biskuti nyembamba za mdalasini. Jina lenyewe limetokana na kubana, maana unga unabanwa katikati ya vibao viwili vya moto. Wengi siku hizi wanatumia mashine ya umeme, lakini mama mkwe anataka moto wa kuni, basi nikanunua sokoni chuma cha kizamani: vibao viwili vizito vyenye nakshi, mikono mirefu kama koleo la mhunzi.

Biskuti saba zikatoka safi. Ya nane, nafungua tu, pini ikachomoka! Kibao kimoja kimebaki mkononi, kingine kimo motoni na biskuti yake, siagi inawaka. Wakwe kimya. Na mimi ndiye niliyejitapa kwamba nimekulia kwenye mafiga.

Siku chache baadaye nikakirudisha. Yule muuzaji hata hakukigusa. Akaniangalia juu mpaka chini, akauliza: "Kwani kwenu mnapikia moto?" Jamani! Mtu aliyechochea kuni tangu ana miaka sita anaulizwa hivyo na mtu aliyevaa glavu za sufu! Eti nimekipasha haraka mno. Pesa hakurudisha, samahani hakusema.

Nilitaka niishie hapo: msinunue. Ila baba mkwe alikichunguza, akakuta ile "pini" ni msumari uliokatwa. Akatia boliti. Tukawasha moto tena, na safari hii zilikuwa za kuviringisha, maana kabla ya mwaka mpya zinaliwa bapa, mwaka umeshakunjuka wote. Ukiingia mpya zinakunjwa, kwa kuwa yaliyomo bado yamefichika. Una sekunde chache tu za kuizungushia kwenye mpini wa mwiko kabla haijakauka. Vidole viliungua, lakini ilikuwa inavunjika kwa mlio, harufu ya mdalasini na moshi kidogo, krimu ndani. Ya mashine ya umeme haioni ndani.

Kwa hiyo chuma nakipa nyota nne. Tatu na nusu, basi, boliti si yake. Muuzaji simpi kitu, na soko likifunguliwa tena nampelekea msumari wake.